Beit al-Ajaib: Nguzo za Chuma na Maji ya Mvua



Ndugu wasomaji, mwishoni mwa msimu wa masika tulivuka bahari kwenda Unguja tukiwa watu watatu: mwenyekiti wa kamati ya msikiti wetu, mhazini, na katibu anayeandika habari hii. Hatukwenda kutembea. Msikiti wetu, ulioko katika mji mdogo wa pwani ya bara, ulijengwa na wazee kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kwa miaka mitatu sasa ukuta wake wa kusini una ufa unaoshuka kutoka darini hadi usawa wa dirisha. Wakati huohuo, muumini mmoja mwenye uwezo amejitolea kutujengea mnara mrefu. Kamati iligawanyika. Wapo waliosema neema haikataliwi, na wapo waliouliza kama ukuta wenye ufa unafaa kubebeshwa kitu. Ndipo mzee mmoja wa jamaa zetu akashauri: "Nendeni Unguja mkamtafute fundi anayeijua chokaa. Na mkifika, liangalieni lile jumba la Forodhani kabla hamjaamua lolote."

Jumba alilolikusudia ni Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu.

Mtu aliyezoea kuingia Unguja kwa bahari analijua vyema. Kwa zaidi ya karne moja lilikuwa ndilo jambo la kwanza kuonekana pale chombo kinapokaribia Mji Mkongwe: jumba jeupe, refu kupita majirani zake, limezungukwa na roshani zilizopangana ghorofa juu ya ghorofa, na mbele yake mnara wa saa. Safari hii tulisimama kando ya matanga ya boti tukilitafuta kwa macho, na kilichotupokea ni pengo. Mwenyekiti wetu, ambaye hakuwa amefika Unguja kwa miaka kumi na mitano, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa jamaa.

Jumba hili lilijengwa mwaka 1883, sawa na takriban mwaka 1300 Hijria, kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi alipofariki mwaka 1888. Inaelezwa kuwa kiwanja chake ni kilekile palipokuwa na makazi ya Malkia Fatuma, aliyetawala Unguja katika karne ya 17. Barghash hakuwa mtu wa kukaa ndani ya kuta zake tu. Kabla ya kushika utawala aligombana na ndugu yake, Sayyid Majid, na mwaka 1859 akapelekwa uhamishoni Bombay, ambako alikaa hadi 1861. Kule aliona mji wa bandari unaokua kwa kasi chini ya Waingereza. Baadaye, mwaka 1875, akiwa mtawala, alizuru Uingereza yenyewe. Aliporejea aliujaza mji wake mambo mapya: mabomba ya maji safi kutoka chemchemi za kaskazini ya mji, kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya elimu ya dini, na majumba kadhaa. Beit al-Ajaib lilikuwa kubwa kuliko yote. Halikujengwa kwa ajili ya kulala. Lilikuwa jumba la hadhara, la kupokea wageni na kuonyesha heshima ya dola.

Ajabu yake ya kwanza ilikuwa chuma.

Zama zile, zama za Malkia Victoria, Uingereza ilikuwa imejifunza kujenga kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu kikaachwa kipoe. Walianza na daraja la Coalbrookdale mwaka 1779, wakafuata na kiwanda cha kitani cha Shrewsbury mwaka 1797, ambacho nguzo na mihimili yake ilikuwa ya chuma, na mwaka 1851 wakaistaajabisha dunia kwa jumba la maonyesho la London lililojengwa kwa chuma na vioo. Faida ya kalibu ni kuwa nguzo moja ikishapatikana, nguzo mia zinazofanana nayo hupatikana kwa urahisi, zikiwa na mapambo yaleyale. Viwanda vilichapisha vitabu vya vielelezo. Mteja alichagua nguzo, uzio au ngazi, vikapakiwa melini vipande vipande, na kule vilikofika vikaunganishwa kwa parafujo. Kwa njia hiyo chuma cha Uingereza kilisimama katika miji ya India, ya Amerika ya Kusini na ya Afrika.

Usanifu wa Beit al-Ajaib hunasibishwa na mhandisi wa meli Mwingereza, na aliyewahi kuzitazama roshani zake hashangai kusikia hivyo, kwa sababu zilifanana na sitaha za meli kubwa. Nguzo nyembamba za chuma zilipanda kutoka ardhini zikabeba roshani pana pande zote, na mihimili ya chuma ikawezesha vyumba kuwa vipana. Hapa yafaa tufafanue jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua bila kulifikiria. Nyumba zetu za kale ni vyembamba vyumba vyake kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti. Chuma kilivunja kanuni hiyo. Lakini kuta za Beit al-Ajaib zilibaki za mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya waashi wa hapahapa. Kwa hiyo jumba lilikuwa ndoa ya vitu viwili: chuma cha ng'ambo na chokaa ya kwetu. Ndoa hiyo tutairudia.

Ndani mlikuwa na ua mkubwa ulioezekwa, sakafu za marumaru, na milango mikubwa ya nakshi iliyochongwa aya za Qur'ani tukufu na kupakwa dhahabu. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na lifti yake hutajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Madaraja ya juu yaliliunganisha na majumba jirani, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, ili akina mama wa nyumba ya kifalme waweze kupita kutoka jumba moja hadi jingine kwa stara bila kushuka njiani. Mbele ya lango iliwekwa mizinga miwili ya shaba ya Wareno. Watu wa mji waliyaona yote hayo, na jina la Nyumba ya Maajabu likashika.

Sayyid Barghash aliishi miaka mitano tu baada ya jumba kukamilika. Miaka minane baada ya kufariki kwake, jumba lilipata mtihani ambao hakuna mjenzi angeuwazia. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Sayyid Khalid, mwana wa Barghash, akaingia katika majumba na kujitangaza kuwa mtawala. Waingereza hawakumtaka. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti, saa tatu na dakika chache, manowari zao zilizotia nanga mbele ya mji zilifyatua mizinga. Kwa muda usiofika saa moja kila kitu kilikuwa kimekwisha. Vita hivyo huandikwa katika vitabu kuwa ndivyo vifupi kuliko vyote duniani, na wengine hulitaja jambo hilo kwa kicheko. Lakini upande wa Zanzibar takriban watu 500 waliuawa au kujeruhiwa, na hapana la kuchekesha hapo. Beit al-Hukm liliharibiwa kabisa. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya jumba ulibomolewa. Beit al-Ajaib lenyewe lilibaki limesimama. Mwaka 1897, katika matengenezo, mnara wa saa uliunganishwa na uso wa jumba, na ndiyo sura ambayo vizazi vilivyofuata vikaijua.

Baada ya hapo ajabu iligeuka kuwa ofisi. Tangu mwaka 1911 makarani wa serikali ya Waingereza walifanyia kazi humo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa na matumizi ya chama na serikali, na hatimaye, Mji Mkongwe ulipokuwa umeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, likafanywa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili.

Wakati huo wa makumbusho ndipo tulipolijua sisi. Tulikuwa wanafunzi wa chuo cha Kiislamu, na mwalimu wetu wa tarikhi alituvusha kwenda kuyaona tuliyoyasoma. Tunakumbuka baridi ya marumaru chini ya soksi, maana tulivua viatu kwa mazoea mbele ya mlango wenye aya, na msimamizi akatuambia kwa upole tuvivae. Zaidi ya yote tunaukumbuka mtepe. Katikati ya ua, chini ya nguzo zile za chuma, palikuwa na jahazi la kale lililoundwa upya, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja wa chuma. Mwalimu alituuliza: "Kati ya hivi viwili, kipi ni cha ajabu zaidi?" Tulijibu kwa sauti moja kuwa ni jumba. Akasema, "Mtepe ulikuwa ukifunguliwa na kushonwa upya kamba zinapochoka. Waliouunda walijua kuwa kamba itachoka." Hatukumwelewa siku ile.

Mwaka 2012 sehemu ya nyuma ya jumba iliporomoka, na milango ikafungwa kwa wageni. Baada ya miaka kadhaa, kazi ya kulikarabati ikaanza kwa msaada wa Oman. Kazi ikiwa inaendelea, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya upande wa mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walifariki chini ya kifusi. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira jamaa zao. Jumba lililobaki limesimama mbele ya manowari za mwaka 1896 lilianguka siku isiyo na adui yeyote baharini.

Fundi tuliyemtafuta tulimpata mitaa ya ndani, mzee wa miaka sabini na zaidi, mikono yake imefanya ukoko wa chokaa ambayo haitoki tena. Tulimsalimia, tukamweleza habari ya ufa wetu na mnara tulioahidiwa. Hakusema kitu. Alichukua bakora yake akatuongoza hadi Forodhani, akasimama mbele ya uzio unaolizunguka jumba.

"Jamaa zangu," akasema, "msikiti wenu maji ya mvua huenda wapi?"

Tulitazamana. Mwenyekiti akajibu kuwa yanaanguka chini kutoka paani.

"Yanaanguka, najua. Nauliza huenda wapi."

Hatukuwa na jibu. Basi akaanza kutufunza, nasi tunayaandika aliyoyasema kwa kadiri tulivyoyafahamu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Haudhuriki kwa kulowa, mradi upate kukauka. Ukiloweshwa kila mwaka mahali palepale, chokaa ya ndani hulainika, ikatoka kidogo kidogo kama unga, na ukuta ukabaki na uso mzuri usio na kitu nyuma. Ukiupaka saruji kwa nje ili kuuficha ufa, ndiyo umeyafungia maji ndani. Na chuma kina tabia yake. Chuma cha kusubu hubeba uzito mkubwa unaokishindilia kutoka juu, lakini hakipindi. Kikivutwa au kikitikiswa vibaya huvunjika ghafla, hakitoi onyo kama mti unaolia kabla ya kukatika. Tena chuma kilichozikwa ndani ya ukuta, kikifikiwa na maji ya mvua na upepo wa chumvi, hushika kutu. Na kutu huvimba, ikausukuma ukuta kutoka ndani.

"Kwa hiyo nguzo ndizo zilizoliangusha?" mhazini akauliza.

Mzee akatikisa kichwa. Sababu za siku ile aliwaachia wahandisi, nasi tunawaachia. Alilolijua yeye ni kuwa nguzo za chuma kila mtu alizipiga picha, na mifereji ya paa hakuna aliyeitazama. "Nyumba ya chuma na chokaa ni kama wake wenza," akasema kwa tabasamu. "Ukimwangalia mmoja tu, moto utawaka."

Hili si la Unguja peke yake. Mji wa Bombay, ambao sasa huitwa Mumbai, na ambako Sayyid Barghash alikaa uhamishoni, una jumba la chuma la zama hizohizo. Ni lile lililokuwa hoteli ya Watson, ambalo chuma chake kilisubiwa Uingereza kikapelekwa kwa meli, likajengwa mwishoni mwa miaka ya 1860 kwa usanifu wa Rowland Mason Ordish. Lilikuwa fahari ya mji; mwaka 1896 watu walikusanyika humo kutazama picha za sinema kwa mara ya kwanza India. Kisha hoteli ikafungwa, jumba likagawanywa vyumba vya kupangisha na ofisi ndogondogo, na utunzaji ukakosa mwenyewe. Mwaka 2005 sehemu ya roshani yake ilianguka. Majumba mawili, bahari moja, na habari moja.

Jioni ile tuliswali Magharibi katika msikiti wa Mji Mkongwe, tukabaki tumekaa barazani hadi Isha tukizungumza. Mwenyekiti alikumbusha jambo tulilolisoma sote katika fiqhi na tukalisahau tulipopewa kamati. Wanazuoni walipoandika juu ya wakfu walitanguliza matengenezo: pato la wakfu huanza kutumika katika kuutunza wakfu wenyewe, kisha ndipo wanufaika wapewe haki zao. Hawakuliacha jambo hilo kwa hiari ya msimamizi. Waliijua tabia ya binadamu, kwamba atafurahia kutoa kwa ajili ya kitu kipya kitakachoonekana, na ataona uzito kutoa kwa ajili ya kuziba tundu darini.

Mhazini, ambaye si mtu wa maneno mengi, alifungua daftari lake akatusomea. Katika miaka mitano tumepokea michango ya mazulia mara tatu, vipaza sauti mara mbili, feni, na saa ya ukutani yenye nyakati za swala. Kwa ajili ya paa, hakuna. Tulitaka kuwalaumu waumini, lakini mwenyekiti akatuuliza ni lini kamati ilisimama siku ya Ijumaa ikaomba pesa za paa. Tukanyamaza. Kosa lilikuwa letu.

Mzee fundi alikubali kuvuka kuja kwetu. Alikaa siku nne, akapanda darini mwenyewe huku vijana wakimshikia ngazi, akatuonyesha pale ambapo mfereji wa bati ulitoboka na maji yakawa yanaingia kichwani mwa ukuta wa kusini. Ufa wetu haukuanza ukutani. Ulianza paani, kwenye tundu ambalo mkono wa mtoto ungeliziba. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi ametufundisha kuwa hata huo ufa ni habari iliyochelewa kufika.

Kwa muumini aliyetuahidi mnara tumeandika barua ya heshima. Tumemshukuru, tukamweleza hali ya ukuta, na tukamwomba fungu lake la kwanza liende kwenye paa, mifereji na chokaa, mnara usubiri. Alitupigia simu akauliza, kwa haki kabisa, kama kutakuwa na kibao cha kumbukumbu. Tulimjibu kuwa mfereji wa maji hauna mahali pa kuandikwa jina, ila kila mvua itakayonyesha na ukuta ukabaki mkavu, Mwenye kuandika anaandika. Alisema atafikiri. Hadi tunaipeleka makala hii hajatupa jibu, nasi hatumlaumu. Mifereji imeanza kuwekwa kwa sadaka za Ijumaa mbili.

Beit al-Ajaib, inshaallah, litasimama tena. Kazi ya kulirudisha ni amana iliyo mikononi mwa wenye ujuzi, nasi tunawaombea dua. Siku litakapofunguliwa tutawavusha vijana wa madrasa yetu wakaziangalie nguzo za chuma na milango ya nakshi. Kisha tutawaomba wainue macho juu zaidi, walitazame paa, na waulize maji ya mvua huenda wapi.

Wabillahi tawfiq.